Mikanda Mikubwa Haikuisha

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo na kazi nimeanza leo. Nimefika dukani nimelowa mpaka magotini, na Shangazi amenikaribisha kwa kunirushia taulo usoni.

Tangu nimalize shule nilikuwa nakaa nyumbani nikisubiri matokeo na kufagia mahali palipokwisha kufagiliwa, mpaka Mama akasema nitamtobolea sakafu. Shangazi, dada yake marehemu Baba, ni fundi cherehani. Duka lake lina chumba cha mbele chenye cherehani mbili, na chumba cha nyuma chenye pazia, kioo na kitanda chembamba. Nilidhani nitashona sare za shule. Kumbe amepata kazi ya hospitali.

Alinieleza huku akikata uzi kwa meno, kama mtu anayeeleza jinsi ya kuchemsha chai. Kuna watu wanaofanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana. Wengine njia ya haja kubwa hufungwa, na ncha ya utumbo hutolewa nje, tumboni upande wa kushoto. Haja hutokea hapo na kuingia kwenye mfuko wa plastiki. Mifuko mizuri ya kujibandika haipatikani kila mara. Kwa hiyo wanahitaji mkanda mpana wa kitambaa wenye tundu, wa kushikilia mfuko wowote watakaoupata, na kifuko cha nguo cha kuuficha.

"Mbona umeinama?" akaniuliza. "Nimesema haja. Sijamtukana mtu."

Nina miaka kumi na nane, na mpaka leo nikiingia chooni ugenini nafungua bomba ili watu wasikie maji tu.

"Mikono yako ya baridi lakini ni myepesi," akasema. "Wewe utapima."

Jumatano, 5 Machi

Nimeshona matundu kutwa nzima. Tundu likiwa na kona linamchubua mtu. Nimefumua mengi kuliko niliyoyaacha.

Ijumaa, 7 Machi

Mikanda ya kwanza Shangazi aliikata kwa kukisia, kabla ya kumwona mgonjwa hata mmoja. Aliambiwa huu ni ugonjwa wa wazee, basi akakata mikubwa kwa ajili ya watu wenye vitambi, kwa vitambaa vya kijivu na kahawia. "Rangi za watu wazima," alisema.

Leo amekuja mgonjwa wa kwanza. Nilikuwa nimemwekea kiti chenye mto, nikitegemea bibi. Aliingia mwanamke mwembamba, viatu vyake kavishika mkononi kwa sababu ya matope. Nikamwuliza kama mama yake anakuja nyuma.

"Mama yangu yuko nyumbani anapika," akasema. "Mgonjwa ni mimi."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Ni mwalimu wa hesabu, ana miaka thelathini na minne. Mkanda mdogo kuliko wote ulimzunguka ukabaki. Nilipoanza kumpima nilishika tepu kinyumenyume, na yeye ndiye aliyenituliza.

"Pima tu, mdogo wangu. Tumbo haliumi. Tatizo lake ni kunguruma, na huchagua pale darasa limenyamaza."

"Halafu unafanyaje?" Shangazi akauliza kutoka nyuma ya pazia.

"Nawaambia hilo ni tumbo la mwalimu, limesikia majibu yao."

Shangazi alicheka mpaka akapoteza mshono. Mimi nilicheka kidogo, nimeangalia chini. Halafu mwalimu akaomba kitambaa cha maua. Hatukuwa nacho.

Jumapili, 9 Machi

Mama amenisema leo. Alitoka chooni akafunga mlango wa jikoni ili Kaka asisikie.

"Wewe binti, ukiwa kwenye siku zako, mwaga maji ya kutosha. Humu ndani kuna mwanamume."

Nikasema, "Ndiyo, Mama."

Siku zangu zilikwisha wiki mbili zilizopita. Za Mama zilikoma mwaka juzi. Anajisifia mbele ya wageni kwamba amestaafu. Nyumbani tuko watatu tu: Mama, mimi na Kaka.

Nilikwenda kuangalia. Ilikuwa damu nyekundu iliyokolea, imeshika ukingo wa sinki la choo. Nikamwaga maji kama nilivyoambiwa.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Paa la duka linavuja juu ya kioo, kwa hiyo wagonjwa wanajitazama wakiwa na michirizi usoni.

Alhamisi, 13 Machi

Amekuja dereva wa lori. Sauti yake ilitangulia kuingia. Ana miaka arobaini na mmoja, mwili mkubwa uliopungua ghafla, ngozi ya shingo imelegea kama shati la kuazima.

Shangazi akamletea mkanda wa kahawia.

"Huu ni wa babu yangu," akasema. "Mimi nipe mwekundu."

"Mwekundu utaonekana kwenye shati."

"Na uonekane. Nimejificha vya kutosha."

Wakati nampima alisimulia bila kuulizwa. Miaka miwili alikuwa anatoka damu akaambiwa ni bawasiri, kwa sababu madereva hukaa sana. Akanunua unga wa kuchanganya na maji ya moto, kopo baada ya kopo. Akawa anakalia mto wa sponji kwenye lori. "Wenzangu wakaniita bibi harusi," akasema. Alipofika hospitali, haja ilikuwa haipiti tena.

"Na huo unga ulikuwa unasaidia?" Shangazi akauliza.

"Ulimsaidia aliyeuza."

Nilirudia kipimo cha kiuno mara mbili, ingawa nilikipata tangu mara ya kwanza. Nilikuwa nafikiria choo cha nyumbani.

Jumatatu, 17 Machi

Imeonekana tena. Mama amenisema tena. Nikasema tena, "Ndiyo, Mama."

Jambo jingine. Nguo hazikauki kwa mvua hii, kwa hiyo Mama amefunga kamba ukumbini, na leo nimekuta suruali tatu za Kaka zinaning'inia, zinadondosha maji. Kafua mwenyewe. Kaka, ambaye hajawahi kufua hata soksi.

"Mwanangu amekuwa mtu mzima," Mama amemwambia jirani. "Bado kuoa tu."

Kaka ni fundi wa kuchomelea vyuma, ana miaka ishirini na saba. Ni mtu wa mizaha. Mimi ananiita Redio kwa sababu siongei. "Haya Redio, tupe habari," husema akirudi kazini, kisha anasubiri, na mimi nikinyamaza anasema, "Ahsante kwa taarifa." Leo hakusema. Alipita moja kwa moja chooni, akakaa muda mrefu, akatoka, akarudi tena.

Jumatano, 19 Machi

Shangazi amenunua kitambaa cha maua.

Ijumaa, 21 Machi

Muuguzi wa wodi ya upasuaji amekuja kuchukua kazi iliyokwisha. Ni mwanamke mfupi anayevua viatu kila anapokaa. Alitazama rafuni akaona mikanda mikubwa ya kijivu ilivyopangwa vilevile kama siku ya kwanza.

"Hii mbona imebaki?"

"Waulize wagonjwa wako," Shangazi akasema. "Wewe ndiye uliyeniambia nikate ya wazee. Midogo inaisha kabla sijafunga uzi. Unaniletea watoto!"

Muuguzi akasugua nyayo. "Ndivyo tulivyosoma. Vitabu vinasema miaka sitini na kuendelea. Lakini wodini kwangu kitanda hiki ana thelathini, kile ana arobaini, yule pale ndiyo kwanza ameposwa. Na karibu wote uvimbe uko chini kabisa, mahali ambapo daktari angeufikia kwa kidole kama mtu angekubali kupimwa."

"Kwa nini vijana?" Shangazi akauliza.

"Daktari wetu anasema tusiwe na haraka ya kujibu. Nchi yenye vijana wengi, kila ugonjwa utaonekana una vijana wengi. Wengine wanasema chakula, wengine wanasema mengine. Anaandika, anahesabu, bado."

Sijui nilipata wapi ulimi. Nikauliza, "Na wazee wako wapi?"

Wote wawili wakanigeukia kana kwamba cherehani imesema.

"Swali zuri hilo," muuguzi akasema. "Wako nyumbani. Mtu wa miaka sabini akifa kwa tumbo, nani atauliza tumbo gani? Anazikwa, basi. Hao hatuwahesabu kwa sababu hawakufika. Kwa hiyo hiyo mikanda yako mikubwa, mama, usifikiri haina wenyewe. Wenyewe hawaji."

Alipoondoka Shangazi alikwenda rafuni akaishikashika mikanda ya kijivu. Baadaye akaniamuru niipunguze mikanda mikubwa yote.

Jumapili, 23 Machi

Kaka ametoboa tundu jipya kwenye mkanda wa suruali yake, kwa msumari uliopashwa moto. Siku hizi nikimtazama mtu naona kiuno kwanza. Amepungua sana.

Jumatano, 26 Machi

Wakati wa chakula Kaka alichukua kikombe cha maji ya moto akakoroga unga wa kahawia kutoka kwenye kopo.

"Nini hicho?" Mama akauliza.

"Dawa ya tumbo tu."

Mama aliweka kijiko chini, akaenda kuangalia ndoo inayokinga maji ya paa. Ndoo ilikuwa haijajaa hata nusu. Alisimama pale akiitazama mpaka Kaka akamaliza kula.

Jumapili, 30 Machi

Mara ya tatu. Safari hii Mama hakufoka. Alisema siku zangu zinakuja ovyo, huenda kizazi kina matatizo, na keshokutwa atanipeleka kliniki ya kina mama. Alisema amenionea huruma. Nilitaka kusema. Mdomo ulifunguka kabisa. Likatoka lilelile, "Ndiyo, Mama."

Jumanne, 1 Aprili

Nitaandika yote.

Tulikwenda kliniki na mwavuli mmoja. Korido ilikuwa na mabenchi mawili na wajawazito wengi, sakafu imejaa matope. Tulikaa mwishoni, karibu na dirisha lisilofunga vizuri, mvua ikatunyunyizia mabega. Mbele yetu alikuwa msichana mmoja anayelia taratibu. Nikafikiri, nikiingia humo ndani nitamwambia nini mtu aliyevaa koti jeupe? Nitamdanganya na yeye? Atanipima kitu ambacho sina, na aliye nacho yuko kibandani kwake anachomelea madirisha.

Nikasema, "Mama, ile damu si yangu."

Hakugeuka. Alikuwa anautazama ukuta uliobanduka rangi.

"Tangu lini?"

"Tangu ile ya kwanza."

"Mbona ulikuwa unaitikia?"

"Ulikuwa umekasirika."

Nikasubiri kofi, au neno. Halikuja. Nikaona nimalize. "Ni ya Kaka. Anafua suruali zake mwenyewe. Anarudi chooni kila mara. Na ule unga, dukani wagonjwa wanasimulia—"

"Najua," Mama akasema.

Nilidhani sikumsikia vizuri.

"Najua ni ya nani. Naijua ile rangi. Nimefua mashuka ya baba yako miezi na miezi, sitaisahau." Akakunja pochi yake mikononi. "Nilitaka iwe yako. Ya kwako ingekuwa na dawa."

Sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Siku zote nilidhani Mama ananikaripia kwa sababu hanipendi sana kama anavyompenda Kaka. Leo nimeona mwanamke aliyekuwa anatafuta mahali pa kuweka kitu kizito, na mimi ndiye niliyekuwa karibu.

Akanisimulia habari za Baba, ambazo hajawahi kunisimulia. Nilikuwa na miaka minne. Baba alikuwa na thelathini na tisa. Zahanati ya kwanza walisema vidonda vya tumbo. Ya pili walisema amiba. Mtu mwingine akasema bawasiri akampa majani ya kukalia. Alipokufa watu walimwuliza Mama kafa kwa nini, akasema tumbo, wakatikisa vichwa, wakaenda kula.

"Hata mimi sikuuliza tumbo gani," akasema. "Ungemwuliza nani?"

Jina langu likaitwa. Mama akasimama akamwambia mhudumu kwamba tumepona, tunakwenda zetu. Mhudumu akasema hatujapimwa. Mama akasema ndiyo, tumepona hivyohivyo. Wajawazito wakacheka. Nje nikamwambia itabidi amwambie Kaka.

"Mimi? Nimwambie mtoto wa kiume mambo ya huko? Siwezi." Akanikabidhi mwavuli. "Wewe unafanya kazi nayo. Mwambie wewe."

Jumatano, 2 Aprili

Sijamwambia.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimemwambia. Ningeweza kuacha hapo, maana sipendi kuandika lililofuata.

Alikuwa amekaa kibarazani anasugua kutu kwenye bawaba. Nilisimama nyuma yake ili nisimwone uso.

"Kaka, unatoka damu chooni."

Brashi ikasimama. Kisha akacheka. "Haya, leo Redio imeshika mawimbi! Nani kakwambia?"

"Nimeiona. Mama alidhani ni yangu."

"Kwa hiyo shule yote ile ulikuwa unasomea choo. Hongera. Matokeo yakitoka tutafanya sherehe."

"Nenda hospitali. Dukani kuna—"

"Nina bawasiri," akasema, na mzaha ukawa umekwisha. "Fundi yeyote anayechuchumaa anayo. Nina miaka ishirini na saba, huo ugonjwa wenu ni wa wazee."

"Mwalimu wa hesabu ana thelathini na minne."

"Mwalimu huyo ananihusu nini? Mimi unanitangaza kwa nani mwingine? Umemwambia Shangazi? Umewaambia vibanda vyote?"

"Mama tu."

Akatupa bawaba chini, ikaruka mpaka kwenye dimbwi. "Tangu leo usinipikie, usinifulie, usinichungulie."

Nilitaka kumwambia kwamba nguo anajifulia mwenyewe, ndiyo maana nikajua. Niliiokota bawaba nikaifuta.

Jumapili, 6 Aprili

Ananiita Daktari sasa, bila kucheka. Anakula kibandani.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua kubwa. Hakuna mgonjwa.

Alhamisi, 10 Aprili

Dereva wa lori amerudi kubadilishiwa lastiki ya mkanda. Shangazi alikuwa ametoka kununua uzi. Nilimaliza kazi, nikakunja tepu, nikaikunjua, nikaikunja.

"Binti, sema," akasema. "Utaimaliza hiyo tepu."

Nikamweleza. Nilitumia maneno machache kuliko niliyokuwa nimepanga, lakini yalitosha.

"Kaka yako fundi gani?"

"Wa kuchomelea."

"Ahaa. Mlango wa lori langu umelegea tangu mwaka jana, nikipiga kona unanifungukia. Yuko kibanda gani?"

Jumamosi, 12 Aprili

Mama alinituma nimpelekee Kaka chakula, nadhani kwa makusudi. Nilikuta lori limesimama mbele ya kibanda, na dereva ameushika mlango kwa mabega ili Kaka achomelee bawaba. Alipouinua, shati likapanda. Ule mkanda mwekundu ukaonekana wote, na kifuko chake pembeni.

Kaka akainua kinyago cha macho.

"Bwana mkubwa, una nini hapo?"

"Choo," dereva akasema. "Natembea nacho. Wewe chako kiko mbali?"

Kaka alicheka kabla ya kuelewa. Dereva hakuhubiri. Aliendelea kushikilia mlango huku akisema mambo mojamoja: ule mto wa sponji, unga, wenzake waliomwita bibi harusi, siku alipojikunja barabarani akashindwa kushuka kwenye lori. Mimi nilisimama kwenye mvua na sahani iliyofunikwa, hakuna aliyenitazama.

Kaka akauliza kwa sauti ya chini, "Ulikuwa unahisi haijaisha? Umetoka sasa hivi, unataka kurudi?"

"Kila mara. Unarudi, hakuna kitu. Damu na ute tu."

Kaka akazima mashine. Mvua ikasikika juu ya bati. Alikaa juu ya mtungi wa gesi, akavua glavu, akaanza kula chakula nilichomletea. Alipofika nusu ndipo akaniuliza, "Hao watu wako wa hospitali, Jumatatu wanafungua saa ngapi?"

Jumatatu, 14 Aprili

Amerudi jioni akiwa na rangi ya majivu, lakini anaongea.

"Kidole, Redio! Kidole kimoja tu. Mwaka mzima nakunywa unga mchungu kibandani, kumbe kilihitajika kidole cha mtu." Kisha akasema, "Ameugusa huo uvimbe. Kidole kilisimama, nikajua ameugusa."

Wamekata kinyama kidogo wakapeleka maabara. Daktari alimwuliza wazazi wako wapi. Akajibu baba alikufa kwa tumbo, akiwa na thelathini na tisa. Anasema daktari aliweka kalamu chini, akamwomba arudie huo umri.

Mama alisikia yote akiwa mlangoni. Akamchemshia maji ya kuoga, kitu ambacho hajamfanyia tangu akiwa mtoto, na Kaka hakukataa.

Jumanne, 22 Aprili

Tunasubiri. Nimeshona mikanda mitano midogo.

Jumatatu, 28 Aprili

Ni saratani.

Haijafika kwenye ini wala kwenye mapafu. Daktari amesema Kaka amefika mapema kuliko wengi wao, ingawa si mapema kama yeye daktari angependa. Mama aliuliza kama atapona. Daktari akasema, "Ningekuwa na jibu ningekupa. Nina matumaini, na hayo si kidogo." Nimeandika alivyosema ili tusibishane baadaye nyumbani.

Halafu akamwuliza Kaka ana ndugu wangapi, na Baba alikuwa na ndugu wangapi walio hai. Baba na mtoto wote kuugua wakiwa vijana hivi, akasema, huenda ni kitu kinachotembea katika damu ya ukoo. Baba hatutajua kwa hakika kamwe, lakini walio hai inabidi wapimwe kwa kamera, hata kama hawaumwi popote.

Walio hai ni mimi na Shangazi.

Jumanne, 29 Aprili

"Mimi?" Shangazi amesema. "Mimi mzima kama trekta. Mpimwe nyinyi watoto." Akakanyaga cherehani kwa nguvu hata uzi ukakatika.

Jumatatu, 5 Mei

Nimemkumbusha Shangazi. Akasema kuna oda ya sare.

Jumatano, 14 Mei

Kaka amefanyiwa upasuaji jana. Ulichukua muda mrefu na Mama hakukaa kitini hata kidogo. Uvimbe umetolewa. Ana mfuko upande wa kulia, tofauti na wengi wa dukani, kwa sababu ni wa muda; daktari anataka kulifunga tundu hilo baada ya miezi kadhaa, mshono wa ndani ukipona. Huenda likafungika, huenda lisifungike. Kuna dawa za dripu zitafuata.

Neno lake la kwanza lilikuwa, "Nani kashinda?" Hakuna mechi iliyochezwa jana.

Jumatatu, 19 Mei

Kaka amekataa nimpime mimi. "Redio na kiuno changu, hapana. Siku nikikununia utaniachia tundu dogo." Akataka Shangazi.

Nilisimama pembeni ya kitanda nikimshikia tepu. Shangazi, anayewatania wagonjwa mpaka wanasahau kilichowaleta, leo hakutania. Aliona ule utumbo, mwekundu na unyevu, mdogo kama kifungo cha koti, akafumba macho kidogo. Kisha akapima. Dukani alikata mkanda ukawa mfupi, akakata wa pili akaweka tundu kushoto badala ya kulia. Sijawahi kumwona akifumua kazi yake.

Nikachukua mkasi mkononi mwake nikakata wa tatu. Sikumwuliza kitu. Siku zote nilidhani kuna watu wasioona haya na watu kama mimi. Leo naona Shangazi alikuwa hodari kwa matumbo ya watu wengine.

Wakati wa kufunga duka akasema, akiwa ameelekea ukutani, "Hiyo kamera lini?"

Jumatatu, 26 Mei

Tumekunywa dawa ya kusafisha tumbo, mimi kwetu, yeye kwake. Sitaandika sana. Sina muda wa kukaa.

Jumanne, 27 Mei

Nianze na majibu, maana ndiyo muhimu. Mimi sina kitu. Nitarudi kupimwa kila watakaponiita. Shangazi wamemkuta na kinundu kimoja, kama punje ya dengu. Kimetolewa palepale kwa waya, kimepelekwa maabara. Daktari anasema kwa macho yake hakijageuka kuwa kibaya, ila kingeachwa huko kingegeuka.

Sasa niandike ilivyokuwa asubuhi.

Mvua imekatika tangu juzi, na korido ya hospitali ilikuwa na jua mpaka katikati. Foleni ilikuwa ndefu. Karani amekaa nyuma ya kioo chenye tundu dogo, kwa hiyo watu hulazimika kupaza sauti, na karani naye hupaza yake. Kila aliyefika pale tulimsikia: huyu goti, huyu jicho, huyu mtoto kameza sarafu. Shangazi alikuwa mbele yangu, amevaa gauni lake zuri. Kadiri foleni ilivyosogea ndivyo alivyozidi kurekebisha kola.

"Mama, shida yako?" karani akauliza.

Shangazi akakohoa.

"Mama! Umekuja kwa shida gani?"

"Mimi sina shida," Shangazi akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, nyembamba kama ya mtoto. "Nimemsindikiza huyu tu."

Akajibanza pembeni. Karani akanitazama. Nyuma yangu kulikuwa na foleni nzima, wanaume kwa wanawake, na kijana mmoja aliyesoma darasa moja na mimi. Masikio yaliniwaka moto. Niliinama ili mdomo ulingane na tundu la kioo.

"Tumekuja wawili," nikasema. "Tunataka kupimwa utumbo mpana kwa kamera kupitia njia ya haja kubwa. Kaka yangu yuko wodini kwenu, ana saratani, ana miaka ishirini na saba. Baba tunadhani alikufa nayo. Huyu ni dada yake Baba. Hakunisindikiza."

Yule kijana alitazama viatu vyake.

Karani alitafuta majina yetu, akayaona, akapiga mhuri.

"Nani anaanza?"

Nilimgeukia Shangazi. Alikuwa ameshika mkono wangu, na wa kwake ndio uliokuwa wa baridi.

"Mimi," nikasema. "Halafu yeye."